Bunduki ya Baba Kwenye Mizani

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaendelea, kaa chini. Nakujua, barua unazisoma umesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Hujambo lakini? Kifua kimeacha kukubana? Unakula? Usiniambie kwamba unakula, niambie umekula nini. Mimi sijambo, watoto hawajambo, na shemeji yako bado anakoroma mpaka majirani wanatutania. Magoti tu ndiyo yananisumbua, na leo yamechoka zaidi kwa sababu nimesimama sana, kama utakavyosikia.

Najua umenikasirikia. Ulikwenda kunipokea uwanja wa ndege, abiria wakatoka wakaisha, mimi sikutoka, na sanduku la bunduki ya baba halikutoka. Simu yako naipiga, inaita mpaka inachoka yenyewe. Mambo yenyewe siyo ya kuandika kwenye vijumbe vya mkato vile unavyonitumia siku hizi, ndiyo maana nimeomba karatasi. Bado niko huku tunakobadilishia ndege, nimekaa kwenye benchi la kituo cha polisi cha uwanjani. Usishtuke, hakuna aliyenikamata. Nataka tu ujue kwa nini bunduki haikufika, na kwa nini haitafika.

Ulipoiomba uliniambia nguruwe wanakumalizia shamba. Kaka, nikuambie ukweli, sikukuamini hata dakika moja. Tangu tumzike Chiriku wetu hujashika jembe, wifi amerudi kwao, na yule dereva wa lori aliyemgonga mtoto ameachiwa na bado anapita mbele ya mlango wako kila anapokwenda kazini. Nilijua ni nani unayemtafutia bunduki. Usiku na mchana nilijiuliza nikunyime au nikuletee. Lakini wewe ndiye mkubwa, na baba alisema wazi kwamba ni yako. Halafu nikajidanganya kwamba nikifika nayo mwenyewe nitakaa nawe, nitakutuliza, na labda nitaificha chini ya kitanda kama tulivyokuwa tukificha sukari. Ndiyo akili yangu hiyo, unaijua.

Basi nikafuata taratibu zote. Polisi wa kwetu walinipa kibali cha kusafiri nayo kama msimamizi wa mirathi, wakanielekeza: bunduki iwe tupu, iwe kwenye sanduku gumu lenye kufuli, risasi zifungwe peke yake, ufunguo nikae nao mimi, na nikifika kaunta niseme kabla sijaulizwa. Risasi niliweka kiasi kidogo tu, kwa kuwa uliniandikia nisihangaike na nyingi, hata moja inatosha. Nilicheka niliposoma, nikasema huyu kaka tangu lini akawa na shabaha! Sanduku lote nililipima dukani kwa muuza mchele, likasoma kilo nane. Mimi ni fundi cherehani, mikono yangu inajua uzito wa vitu, na nililibeba mwenyewe mpaka kwenye teksi bila kuhema.

Kwenye kaunta kulikuwa na binti mwenye kucha ndefu. Nilipomwambia nina bunduki aliondoa mikono mezani kama nimemwonyesha nyoka, akamwita askari. Askari akaja na kijiti cha meno mdomoni, akanifungulisha sanduku, akachungulia mtutu, akaridhika kwamba ni tupu. Sanduku likafungwa, likawekwa kwenye mizani, likasoma nane vilevile. Ndipo akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa, inakwenda kufanya kazi gani. Nikamjibu ni ya kuua nguruwe wa shambani kwa kaka yangu.

Namba ikapanda. Kaka, hakuna aliyeligusa sanduku. Lilikuwa limetulia pale juu, na ile namba nyekundu ikapanda taratibu mpaka kumi na mbili, ikasimama. Binti akaipiga mizani kwa ncha ya kiatu. Akaliondoa sanduku, akalirudisha, namba ni ileile. Alisema mashine hizi zimezeeka, akabandika lebo, likaondoka kwenye mkanda. Lakini niliona jinsi alivyolivuta. Alilivuta kwa mikono miwili, na ukucha wake mmoja ukavunjika.

Sasa nikaanza kumkumbuka baba. Bila shaka hujasahau, enzi zile akiwa askari wa wanyamapori, wenzake walivyokuwa wakija kuiazima bunduki yake. Hakumpa mtu mkononi hata siku moja. Aliilaza mezani, mwazimaji akaweka kiganja juu yake na kutamka anakwenda kuua nini. Nyati, anasema nyati. Chui, anasema chui. Baba alikuwa akisema bunduki lazima iambiwe ukweli wa safari yake, la sivyo haibebeki. Sisi tukacheka, tukawa tunafanya vilevile na fimbo ya ufagio, wewe ukitamka kila siku kwamba unakwenda kumuua mwalimu wa hesabu.

Lakini kuna yule mwenzake mwenye kovu shingoni. Alitamka nyati, akainyanyua, na ikamshinda. Tulikuwa tumechungulia dirishani mimi na wewe, na tuliona jasho likimtoka, mishipa ya shingo imesimama, bunduki haijaachana na meza hata kidogo. Baba akaichukua kwa mkono mmoja, akaitundika ukutani, akamwomba arudi nyumbani kwake akalale. Hatukuambiwa alitaka kumuua nani. Tulipokua tukajiambia kwamba yalikuwa maigizo ya watu wazima, walikuwa wakitutania.

Ndani ya ndege nilikaa karibu na bawa. Ilikuwa ndege ndogo, ile ambayo ukipiga chafya rubani anakuombea afya. Hatujafika mbali, mhudumu akaja na tabasamu lililokauka, akasema rubani anaomba watu wa upande wangu wahamie upande wa pili, kwa sababu ndege inalala. Wakahama. Haikutosha, wakahamishwa wengine, mpaka nikabaki peke yangu upande ule, watu wote wamebanana ng'ambo wananitazama. Nami miguuni, chini ya zulia, kule mizigo inakowekwa, nilihisi kitu kimeegemea. Hakikugonga wala kutikisika. Kilikuwa kimeegemea tu, kama mtu mwenye mawazo anavyoegemea ukuta. Nilinyanyua miguu yangu nikaikunja juu ya kiti mpaka tukatua.

Huku lazima mzigo kama ule uchukuliwe na utamkwe upya kabla ya ndege ya pili. Masanduku ya watu yalitoka yote, langu likaja mwisho kabisa juu ya toroli, linasukumwa na wapagazi wawili. Mmoja akaniuliza kama nimebeba injini ya trekta. Nikacheka naye.

Kwenye kaunta ya polisi nilimkuta mama mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani, mtu wa makamo hivi, sauti yake ya chini sana. Akafungua, akakagua, akaona ni tupu. Akauliza ya kazi gani. Kaka, nilitaka kunyamaza. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea, nikasema nguruwe. Namba ikapanda mbele ya macho yetu sote mpaka thelathini. Aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni akachukua begi lake akahamia foleni nyingine.

Mama askari hakupiga kelele. Akatoa bunduki, akalipima sanduku tupu, jepesi kama kawaida. Akapima risasi, hazina neno. Akailaza bunduki peke yake kwenye mizani, ikasoma uzito wa mtoto wa shule. Wakampigia fundi wa mizani, akaja, akapima mkoba wake wa vifaa, ukasoma sawasawa. Wakaipitisha bunduki kwenye mashine ya picha, ikaonekana chuma na mbao, hakuna cha zaidi. Fundi akaomba ruhusa aende kunywa maji, na hakurudi tena.

Tukabaki wawili. Yule mama akavaa miwani yake, akaniita dada, akaniomba nimwambie taratibu hii bunduki inakwenda kufanya nini hasa. Niliona hapa nimefika, nikakumbuka desturi ya baba. Nikaweka kiganja changu juu ya ule ubao anaouweka mtu begani, nikasema inakwenda kumuua dereva aliyemgonga mtoto wa kaka yangu. Nilitamka huku nalia, kwa sababu nilijua nakuchongea kwa polisi, damu yangu mwenyewe. Nilidhani sasa itashuka, maana nimesema ukweli.

Haikushuka. Ilipanda. Meza ya mizani ikalia, skrubu moja ikachomoka ikadondoka sakafuni, na taa ya ile namba ikaanza kufifia. Mama askari akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mimi kiganja kilikuwa kimenata pale juu, na ule ubao ulikuwa na joto, joto la mkono wa mtu aliyetoka kuuondoa sasa hivi. Nikajua nimesema uongo tena bila kujua kwamba ni uongo.

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka, kaka, na nilitamani isifunguke. Nilikumbuka risasi moja inatosha. Nilikumbuka kule msibani ulivyokuwa ukirudia neno moja tu, kwamba ni wewe uliyemtuma Chiriku dukani kununua chumvi, kwamba angekuwa ndani anatupigia domo kama kawaida yake, kwamba ungekwenda mwenyewe. Watu walimlaani dereva, wewe hukumlaani hata mara moja. Ulikaa pembeni ukikunjakunja pembe ya shati. Mimi dadako nilikuona, nikakuletea maji, nikapita.

Nikainama karibu na bunduki nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kwamba inakwenda kumuua kaka yangu, kwa mkono wake mwenyewe.

Namba ikashuka. Ilishuka polepole, kama mtu mzee anayeteremka ngazi, mpaka ikatulia. Mama askari akaja akainyanyua kwa mkono mmoja, akaigeuza, akaniangalia, na machozi yalikuwa yanamtiririka na yeye. Alisema sasa nimeshamwambia yeye, kwa hiyo hawezi kuipandisha ndege hata kibali kiwe cha nani. Nikamwambia hata mimi siitaki tena. Imekwenda kwenye ghala lao la silaha. Ninamsubiri mkubwa wao aje tuandike kwamba familia imeisalimisha, ikatwe vipande. Ukitaka kuniita mwizi wa mirathi, niite.

Sitakuuliza kama ni kweli. Kama si kweli utanicheka maisha yangu yote, na nitafurahi kuchekwa. Kama ni kweli, basi sikiliza, maana hili sikuwahi kukuambia na wewe hukuniuliza. Chiriku alikuwa akikimbilia dukani hata bila kutumwa. Alikuwa anamtembelea paka wa muuza duka. Kila nilipokuja kwenu alinivuta mkono twende tukamwone huyo paka. Siku ile ungemtuma au usingemtuma, mtoto yule angevuka barabara ile. Nisamehe kwa kulisema wazi namna hii, lakini sina namna nyingine.

Anayekukabidhi barua hii ni shangazi. Bahati nzuri kwake si mbali na hapa, nilimpigia simu akaja uwanjani na kanga ya jikoni, nikamweleza, na hakuuliza swali hata moja, aliniambia tu nimkatie tiketi. Shangazi yetu huyuhuyu, ambaye ameapa tangu tukiwa wadogo kwamba hatapanda kitu kisichogusa ardhi! Leo anapanda. Namwona hapa pembeni yangu anasubiri nimalize kuandika, ameshika tiketi kwa mikono miwili, midomo inacheza. Usimfanye asimame mlangoni. Ana mfuko wa nguo na mto wake wa kulalia, na atalala chumba cha Chiriku, usimkatalie. Atakusemesha mpaka uchoke, atakukaripia kwa vyombo vichafu, atataka kujua unakwenda wapi kila unapovaa viatu. Mwache. Nimeongea na wifi pia, anakuja. Nami nikimaliza hapa napanda ndege ya kwanza nitakayoipata, mikono mitupu.

Msalimie jirani yako mwalimu, mwambie redio yake imeshapona, nitamletea. Watoto wanakusalimu sana mjomba wao, na shemeji yako anasema anakuja kukuzibia paa kabla ya mvua. Shangazi mpe kiti chenye mgongo. Na hasira ulizonazo juu yangu usizipunguze hata kidogo, zitunze zote, nikifika unitukane utakavyo. Nikukute tu unanisubiri umekasirika.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto