Ziwa la Kushoto

Quiterajo, 4 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mvua zimekatika na njia imekauka. Kifua chako vipi? Na Zuleica, bado anakukimbia ukimwita kutwanga? Mwambie mama yake ni sargento, habari zote zinanifikia. Barua hii anaileta Raimundo, dereva wa lori la chakula, kwa kuwa simu zetu zinakaa kwa kapiteni.

Mama, Jumanne saa nane mchana ziwa la kushoto liliniuma tena. Nilikuwa nawapanga askari foleni ya vidonge vya malaria, ikabidi nishike nguzo. Belmira, enfermeira anayetutibu kambini, akanicheka: "Sargento, watu wote unawaangalia wewe, na wewe nani anakuangalia?" Nikamwambia ni mkanda wa bunduki umenibana. Sikumwambia ulichoniambia wewe mwaka ule, kwamba ziwa la mama likichoma, mtoto aliyelinyonya analia mahali. Zuleica yuko kwako na halii. Basi ni Aiuba. Miaka minne sasa tangu huyo mdogo wake Zuleica akupotee mkononi siku za kukimbia vita Palma, mimi nikiwa kambini Pemba, na bado ananiita.

Nenda Namoto, mama. Waulize wanawake wanaovuka kutoka Tanzania kama Jumanne hiyo walisikia mtoto wa kiume analia. Sasa atakuwa anakaribia miaka mitano.

Mwanao,
Zubeida


Quionga, 19 Mei 2025

Mwanangu Zubeida,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Kifua kimetulia, nakunywa maji ya tangawizi. Minazi imezaa, mihogo wameila nguruwe.

Namoto nilikwenda, nikakaa kutwa. Hakuna aliyemwona. Lakini hilo ziwa, mwanangu, zamani liliuma mara moja kwa mwaka, sasa kila mwezi. Umelishika ukalisikiliza kwa vidole? Mwonyeshe huyo Belmira. Umenyonyesha watoto wawili, hakuna tena wa kumwonea haya.

Mamako,
Mariamo

Mama, ni mimi Zuleica ninayeandika, bibi anasema na mimi natia kwenye karatasi. Kutwanga sikimbii. Bibi akienda Namoto anavaa kanga yake nzuri, na akirudi hali chakula.


Quiterajo, 22 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama, wewe na mwandishi wako. Mimi sijambo, kazi ndiyo imezidi. Nina watu thelathini chini yangu, na siku hizi nikilala nalala na viatu.

Nilikutii. Kitu kipo. Mwaka jana kilikuwa kama kokwa ya ukwaju, sasa ni korosho nzima, tena hakisogei. Belmira alikishika mara moja tu, akaacha kunitania. Ameniandikia guia, karatasi ya kwenda kutibiwa hospitali kubwa ya Nampula, na kapiteni ameitia sahihi. Nimeikunja, nimeitia ndani ya kofia yangu, na huko itakaa.

Usinikasirikie. Kila siku namwambia Belmira kesho, nikimaliza zamu, akija wa kunipokea. Kwako nitasema kweli. Wakilikata ziwa hili, Aiuba nitamsikiaje? Jana liliuma tangu asubuhi mpaka magharibi, na mimi nilifurahi, mama, kwa sababu nilijua yuko hai. Nenda tena Namoto.

Mwanao,
Zubeida


Quionga, 6 Agosti 2025

Mwanangu Zubeida,

Leo sina habari za minazi. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu za chuo nilizokufundisha ungali mdogo, maana Zuleica anajua zile za shule, za escola, tu na hii hataisoma. Kaa mahali uwe peke yako.

Aiuba hakupotea. Yale maneno ya ziwa nilikwambia mimi, nilipokuona umeacha kula na una bunduki mkononi. Bibi yangu alikuwa akiyasema, ni kweli. Lakini aliyasema kwa watoto walio hai.

Tulikuwa wanawake saba ndani ya mikoko, siku ya tatu, maji yamekwisha. Wenye bunduki wakawa wanapita karibu na mtoto alikuwa analia. Wenzangu wakanitazama. Nikampa ziwa langu hili lililokauka, nikamkandamiza kifuani, nikazidi kumkandamiza. Walipokwisha kupita nikamtoa. Hakulia tena. Nilimzika kabla ya kufika Namoto, nyuma ya minazi mitatu, nikamswalia peke yangu. Wale sita wako hai wote, na tukikutana sokoni hatuangaliani.

Kila uliponituma Namoto nilikwenda kweli. Sikumuuliza mtu. Nilikwenda kufagia kaburi lake.

Nichukie, una haki. Lakini hakuna anayekuita, mwanangu. Kilichomo ziwani ni ugonjwa, na mimi ndiye niliyekupa sababu ya kuulea. Toa hiyo karatasi kwenye kofia. Nimezika mmoja kwa mikono hii. Wa pili sitaweza.

Mamako, kama bado utakubali kuniita hivyo,
Mariamo


Quionga, 28 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, wewe je? Raimundo amepita mara mbili mikono mitupu. Anasema safari nyingine ya mwezi huu aliendesha mwenzake, hajui kama uko kambini au hauko. Bibi hatoki nje. Nimemuuliza alikuandikia nini, anasema ni dua. Nimepata nota nzuri ya mtihani wa hesabu. Tafadhali andika hata mstari mmoja.

Mwanao,
Zuleica


Nampula, 3 Novemba 2025

Mama,

Shikamoo. Naandika nimelala, tena kwa herufi zetu za chuo asizozijua Zuleica, uvumilie mistari.

Barua yako niliisoma chooni, nikaichana, kisha nikaokota vipande. Siku kumi na saba nilitoa amri kama kawaida. Ziwa likiuma nilisikiliza, na sikusikia mtu. Ndipo nikaitoa guia kwenye kofia. Belmira alinifungia mzigo mwenyewe na kunisindikiza mpaka kwenye lori.

Wamelikata lote. Daktari anasema nimechelewa, ingawa si sana. Kuna dawa za mshipani mpaka mwezi wa pili, baada ya hapo wataniambia. Zuleica akivunja ungo mfundishe kujishika maziwa yake kila mwezi, na neno jingine lolote juu ya ziwa usimwambie.

Nimekuchukia, mama, sikufichi. Halafu nawafikiria wale wanawake sita walivyokutazama, nami, na miaka yangu kumi na moja jeshini, najiuliza ningefanya nini.

Kitu kimoja kinanitisha. Ziwa halipo na bado linauma, palepale, saa zilezile za mchana. Daktari anasema ni kawaida, mwili haujajua kama limeondoka. Nilimwitikia tu, sikutaka kumuuliza mwili huchukua muda gani kujua.

Wakiniruhusu mwezi wa pili, nitakuja. Tutakwenda Namoto sisi wawili, unionyeshe hiyo minazi mitatu. Na usifagie kabla sijafika.

Mwanao,
Zubeida