Baba Alisahau Neno la Siri

Shangazi mpendwa,

Kuna "Ee?" moja imenikaa sikioni na haitoki. Ni fupi, imepanda kidogo mwishoni, kama anavyoitika mtu mzima aliyeulizwa na mtoto jambo lisiloeleweka. Aliyeisema ni baba yangu, na baada ya hapo nilimkatia simu. Naomba unisaidie, maana nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia, na hata wewe nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa chumba kana kwamba barua nayo inasikika.

Kazi yangu ni kuandaa habari za sayansi na teknolojia katika kituo cha redio. Kila asubuhi napita mtandaoni, nachagua zile zitakazomfanya msikilizaji asimamishe mswaki mdomoni, nazihakiki, nazifupisha: nyuki waliofundishwa kutambua sura za watu, pweza mwenye mioyo mitatu, betri zinazotumia madini yanayopatikana kwenye chumvi. Nyumbani wananiita Profesa. Kaka yangu akitaka kunichokoza huuliza mezani, "Profesa, leo dunia inaisha kabla au baada ya mpira?" Baba peke yake ndiye hunisikiliza mpaka mwisho, na yeye haniiti Profesa, huniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Hivi karibuni nilikutana na habari za programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza maneno yake machache tu, na jinsi matapeli wanavyozitumia kuwapigia watu simu wakijifanya ndugu waliopatwa na shida, na bosi wangu akasema hiyo tuifanyie kipindi kizima na tuwasikilizishe watu mfano, basi mimi, Shangazi, nikachukua ujumbe wa sauti ambao baba alinitumia kunieleza alikoacha ufunguo wa nyumba, nikauingiza kwenye programu, nikaandika: "Mama, nimeanguka, njoo unichukue." Kompyuta ikayasema kwa sauti ya baba, pamoja na ile mikwaruzo ya koo lake. Niliona fahari. Nikaenda nayo nyumbani, nikawasikilizisha baada ya chakula. Mama akashika kifua. Kaka akasema, "Afadhali huyu, hatakoroma." Baba alicheka kuliko wote, kisha akauliza, "Sasa huyu akikupigia, mama, utajuaje kwamba si mimi?"

Nikasema tutaweka neno la siri. Nililichagua hapo hapo, kwa sababu mbele yangu palikuwa na kizibo cha chupa. Kizibo. Yeyote atakayepiga kwa namba ngeni akiomba msaada, aulizwe neno, asipolijua tusimsikilize. Nikawaapisha wote, mmoja mmoja, nao wakaapa huku wakicheka.

Baba ni fundi wa kuandika mabango na majina ya maduka ukutani. Siku ile alikuwa juu ya ngazi nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi ikateleza, akaanguka, na simu yake ikatumbukia kwenye kopo la rangi ya buluu. Akaazima simu ya mpita njia. Namba pekee aliyokuwa nayo kichwani ni yangu. Hayo nimeyajua baadaye. Nilichojua wakati ule ni kwamba niko kazini mbele ya kompyuta, namba nisiyoijua inaita, napokea, na sauti ya baba inasema maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe.

"Mama, nimeanguka. Njoo."

"Neno letu ni lipi?"

"Ee?"

"Neno. Taja neno."

"Mama, mguu..."

Nikakata. Nikaifungia ile namba isinipigie tena. Nikawageukia wenzangu nikawaambia nimemnasa tapeli mubashara, wakanipigia makofi, mmoja akasema hiyo lazima iingie kwenye kipindi. Nikarudi kwa pweza wangu.

Mwenye duka ndiye aliyemkuta na kumpeleka hospitali. Mfupa umevunjika chini ya goti. Jioni, mama alimuuliza kwa nini hakupiga simu, na mimi nilikuwa nimesimama pale miguuni pa kitanda, nimeshika reli ya chuma. Baba alinitazama. Halafu akamwambia mama, "Nilijaribu. Simu haikushika."

Sasa yuko nyumbani, mguu umefungwa plasta, haongei vibaya na mtu, ananishukuru nikimletea kitu. Lakini tangu arudi hajaniita mama hata mara moja. Akitaka jambo kwangu anaanza na lile neno. "Kizibo. Naomba maji." "Kizibo. Nisogezee mto." Mama na kaka wanacheka, wanadhani mgonjwa amepata mzaha wake. Mimi peke yangu ndiye ninayeona kwamba hacheki.

Nami sijui nimekuwaje. Mama akiniita kutoka jikoni nangoja aite mara ya pili, na mara nyingine naenda kuchungulia kama kweli ni yeye. Rafiki akipiga namuuliza maswali ya kijinga mpaka anaudhika. Usingizi wangu umekuwa wa kushtukashtuka. Ile sauti ya kuigwa bado imo kwenye kompyuta yangu, kipindi kinarushwa Ijumaa, na bosi ananiuliza kila tukikutana kwenye korido, "Mzee wetu yuko tayari?" Nikiwaambia mama na kaka, nitakuwa nimeuvunja uongo ambao baba aliusema kwa kunihurumia, na nikinyamaza itanibidi niishi na kizibo. Nakuuliza pia jambo linalonitafuna zaidi: nilifanya hasa kile ninachowashauri watu wafanye, sikuruka hatua hata moja, kwa nini basi naona kama nimempita baba yangu barabarani amelala chini, nikaendelea na safari?

Nifanyeje?

Niliyekata Simu

*

Binti yangu,

Umeniita Shangazi, kwa hiyo huyo mzee ni kaka yangu, na kaka yangu haguswi hivi hivi. Nikukaripie kwanza. Pole utaipata ukishakaa vizuri.

Kushuku hukukosea. Matapeli wapo, na aliyepokea simu ile akili yake ilikuwa inafanya kazi. Lakini unasema hukuruka hatua hata moja, nami nasema uliruka ile iliyokuwa na maana. Baada ya kukata, ulipaswa kupiga namba ya baba yako unayoijua. Ungeikuta haipatikani, maana ilikuwa inaogelea kwenye rangi. Hapo ungempigia mama, ungempigia kaka, ungeuliza, "Baba yuko wapi saa hizi?" Hukuuliza mtu. Ulikuwa unapokea makofi. Ndiyo maana moyo unakusuta, na mimi sitauambia unyamaze.

Na hilo neno, nani alilichagua? Wewe. Nani alilitunga sharti? Wewe. Mzee wa watu alikuwa anacheka na familia yake baada ya chakula, akaapishwa juu ya kizibo, kisha akiwa chini na mfupa umekatika unamdai akitaje! Mimi nikijikwaa tu kidole kwenye mguu wa meza nasahau mpaka umri wangu.

Sasa pole, mwanangu. Pole sana. Naona jinsi unavyojitesa, na najua mtu asiyempenda baba yake asingeihifadhi hiyo "Ee?" kwa uangalifu namna hiyo. Lakini usigeuze majuto kuwa chumba cha kujifungia. Baba yako hakukufichia siri ili muizeeshe pamoja. Kila akisema kizibo anakubishia hodi. Anangoja uitikie.

Kwa hiyo leo, siyo kesho, mkiwa mezani wote na yeye yupo, sema. Usimvute mama pembeni jikoni. Usianze na kompyuta wala matapeli, utajificha nyuma yao na utaonekana msomi tena. Anza hivi: "Baba alinipigia, nikamkatia." Ukishasema, nyamaza, waache wakuseme. Kisha muulize yeye, mwenye sauti, angependa umtambue vipi siku nyingine. Atakalosema lifuate, hata likiwa halimo kwenye habari zako.

Wasomaji wengine nanyi sikieni. Sauti ya ndugu ikija kwa namba ngeni, kata ukitaka, lakini usikae. Piga namba unayoijua. Isipopatikana, piga kwa aliye karibu naye. Kama wote hawapokei, vaa viatu uende. Tapeli akikuchosha miguu bure, utapumzika.

Mwisho, ile sauti uliichukua kwa mzee bila kumwomba. Unajua la kufanya. Bosi akinuna, anune. Na mama yako akikuita jikoni, nenda mara ya kwanza.

Shangazi

*

Shangazi,

Nilisema siku ile ile nilipokusoma. Ilinibidi nirudie mara ya pili ndipo wakaelewa. Mama hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na ile simu ya baba, rangi ya buluu imegandia kwenye kioo, akaiweka karibu na sahani yangu, akaendelea kula. Hajazungumza nami vizuri mpaka leo, na sitamharakisha.

Nilimuuliza baba kama ulivyoniagiza. Alijikuna ukingoni mwa plasta kwa mpini wa brashi.

"Neno halikuniuma," akasema. "Sauti yako ndiyo iliyoniuma. Uliniuliza kama karani aliye dirishani na anataka kwenda kula. Mimi nikipiga, niulize chochote. Uliza jina la bibi yako, nitukane ukipenda. Ila usikate kabla hujajua nilipolala."

Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akaomba chumvi. Hakutanguliza kizibo, lakini pia hakuniita chochote.

Usiku ule sikujua kama hiyo ni nzuri au mbaya. Asubuhi niliwahi kazini, nikaufuta ule mfano, na ujumbe wa ufunguo nilioupakia kwenye programu, na nakala niliyokuwa nimemtumia fundi mitambo. Bosi alipokuja kuuliza kama mzee yuko tayari, nilimwambia mzee hakuombwa ruhusa, na kwamba nimeshafuta. Amenuna, Shangazi, kama ulivyosema. Ijumaa nilisoma habari ile kwa sauti yangu, bila mfano wowote, na mwishoni nikasimulia simu niliyoikata na nikataja kwamba ni mimi.

Kwa hiyo sasa sauti ya baba iko mahali pamoja tu, chumba cha pili, na hivi ninavyoandika inalalamika: "Mama! Hii chai mmeipika mwaka gani?" Ameita mara moja. Naiacha barua hapa, nakwenda.