Gitaa Nililolisema Vibaya

Ghorofani, juu ya duka la rangi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mkaza mjomba, kikohozi kimemwachia? Sisi ni wazima. Dada yako hajambo, ila anataka nikuulize kama simu yako ni ya kupokelea tu au nayo huweza kupiga.

Mimi nimeona niandike, maana haya nisingeweza kuyasema kwa simu. Nina aibu, Mjomba. Sina pa kuuweka uso.

Unayajua magitaa yangu ya zamani, yale ya umeme ya kulaza mapajani. Sasa yamejaa ukuta mzima. Mke wangu huyaita wapangaji wasiolipa kodi. Simlaumu, kwa sababu hata moja siwezi kulipiga. Nayafuta vumbi na kuyatazama, basi.

Wiki iliyopita nilidokezwa kwamba fundi cherehani mmoja mstaafu anauza lake, alilokuwa akilipiga kwenye maharusi enzi za ujana wake. Nikaenda. Mkewe akanikaribisha sebuleni, akavuta kasha kutoka chini ya kochi. Nilipolifungua nililiinamia kulitazama. Sumaku zilizopinda juu ya nyuzi zilikuwa zile zile za asili, vitufe vyote vipo, hata kipande cha chuma cha kutelezesha kilikuwemo. Nimelitafuta kama hilo tangu ugonjwa huu wa kukusanya magitaa uniingie.

Nikafanya kama ulivyonifundisha: kunja uso, kitie kitu kasoro, ndipo uulize bei. Nikasema kwa sauti, "Mama, huu ni ubao tu. Hata aliyekuwa anaupiga alikuwa anajisumbua." Yule mama akaniomba radhi kwa kunipotezea muda, akaniuzia kwa bei ya kutupa. Nilipoinuka na kasha langu ndipo nikaona pazia la chumbani liko wazi. Mzee alikuwa amekaa kitandani, ananitazama. Nikaaga harakaharaka nikatoka.

Sikulaumu wewe. Ulinifundisha kununua meza na baiskeli. Mdomo uliomtukana mzee wa watu ni wangu.

Juzi nililirudisha. Nikamweleza mzee ukweli wote, kwamba gitaa lake linayashinda yangu yote na kwamba nililiponda ili nilipate rahisi. Akatabasamu kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi.

"Usijisumbue, mwanangu. Leo unanionea huruma. Siku ile hukujua kama nasikia, kwa hiyo ya siku ile ndiyo ya kweli."

Nikasema basi asikilize mwenyewe, nikalilaza mapajani, likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mkewe alicheka. Mzee hakucheka. Angelipiga mwenyewe, lakini mikono yake siku hizi inatetemeka. Mkewe aliponisindikiza mlangoni alinionyesha picha ya harusini, mzee akiwa kijana na gitaa mapajani. Kila mgeni alikuwa akionyeshwa. Tangu siku nilipokwenda, mzee ameigeuza itazame ukuta.

Mjomba, wewe unajua kulipiga. Najua umeapa kutopanda basi mpaka goti lipone, lakini njoo hivyo hivyo. Nitakupokea stendi, na hizi ngazi zetu nitakubeba mgongoni, majirani wacheke wapendavyo. Ninachoomba ni wimbo mmoja tu, umpigie mzee nyumbani kwake. Mimi nitasubiri nje, sistahili kukaa nao.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu zangu wote, hasa yule Mrefu wetu, mwambie bado nakumbuka alivyogonga kichwa kwenye mlango wetu. Mungu akulinde njiani na akupe wepesi wa mwili.

Gitaa nimelirudisha chini ya kochi lao. Ukilitoa, tafadhali usilisifie hata kidogo. Maneno nimeyaharibu mimi, hatayaamini tena. Lipige tu, asikie.

Mpwa wako akupendaye, anayekusubiri stendi.