Kifuniko chenye Herufi za Baba

Strakonice, Jumapili

Mdogo wangu Luboš,

Mama hajambo, na plamu zimezaa sana mwaka huu. Mimi bado nachonga vipuri vya zile pikipiki za kale zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, maana viwandani havitengenezwi tena.

Jumanne alikuja mgeni na kifuniko cha silinda kilichopasuka, akitaka nimtengenezee kingine kama hicho. Nikakigeuza. Pembeni palikuwa na kiraka cha shaba na herufi za jina la Baba, alizozichonga mwenyewe.

"Pikipiki yenyewe umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Ostrava, dada. Kaniuzia kijana mmoja mpole. Alivyolia, nikadhani ataghairi!"

Wewe ulituambia pikipiki aliyokuachia Baba iliibiwa mlangoni kwako. Ulivyokataa kwenda polisi kuandikisha wizi, hata Mama akaenda mwenyewe, nilikutilia shaka, nikanyamaza.

Mgeni sikumwambia kitu. Nimempa kifuniko kipya, cha Baba nimekibakiza.

Luboš, kila mwezi Mama anawapigia polisi simu kuiulizia. Kama ulikuwa na shida, si ungesema? Njoo umwambie mwenyewe. Mimi nimejaribu mara mbili, mdomo umekataa.

Dada yako anayekungoja,
Radka