Yaya, Majani ya Umande Yamekufa

Yaya Veronika, dada yangu mukubwa,

Nakuandikia nimekaa mulangoni, mutoto wako Mado amelala ndani na kifua kinamusumbua. Sina habari njema hata moja. Majani yako ya umande yamekufa yote.

Nayaita hivyo kwa sababu hapa mujini, kando ya ziwa, hakuna muntu anayejua jina lake. Kwetu Kirungu, tulipokuwa watoto, tuliyaona kwenye matope ya bonde, madogo, mekundu, kila unywele na tone lake kama gundi. Nzi akitua haondoki tena; jani linamukunja polepole na kumula. Wewe ulilala kifudifudi kuyatazama mpaka nguo inalowa. Na tukikohoa, Mama yetu aliyachemsha tukanywa. Kwa hiyo Mado wako alipoanza kukohoa, kikohozi kile cha kumukata pumzi, na dawa hospitalini hakuna, ukakumbuka. Ukamuomba shangazi aliyebaki Kirungu atume mbegu kwa meli inayotoka Moba. Zikafika ndani ya karatasi iliyokunjwa, nyeusi, laini kama vumbi la tumbako. Ukaniambia nisipumue karibu.

Za kwanza ulizifukia kwenye udongo wa shamba kama maharagwe. Hakuna kilichoota. Za pili uliziacha juu, bila kuzifunika, kwenye yale manyoya ya kijani uliyobandua kwenye mawe ya kijito. Zikaota, tukafurahi, halafu zikawa nyeusi, maana tulizinywesha maji ya ziwa. Jioni ukasema, "Kule Kirungu hakuna ziwa. Kule njo mvua tu, ndiyo inayoyanywesha."

Tangu hapo mabeseni yote ya nyumba yakawa ya mvua. Mbegu za mwisho ulizimwaga ndani ya sahani pana, ukaifunika na kipande cha kioo cha dirisha. Zikaota kama vichwa vya sindano. Zikapata nywele, zikapata umande. Siku kamdudu ka kwanza kalipokwama, ulimuita Mado, mukalala chini wote wawili, mutoto akasema, "Mama, kanakula." Ulicheka. Sikuwa nimekusikia ukicheka hivyo tangu njia ya treni ikatike na shemeji abaki Kabalo.

Siku ile bunduki zilikuwa zinalia upande wa bandari tangu asubuhi. Tulifunga mulango, tukakaa chini, migongo ukutani. Muchana mvua ikaanza. Ukasema, "Maji ya sahani yamekwisha. Naweka beseni tu, narudi." Mama yetu alikushika nguo. Uliutoa mukono wake taratibu, kama muntu anayetoa mukono wa mutoto aliyelala. Sikuisikia risasi ile, zilikuwa nyingi. Nilisikia beseni. Tulipotoka kukubeba, mvua ilikuwa inajaa ndani yake.

Mama yetu alikataa maji yale yamwagwe. Aliyatia ndani ya chupa, na kwa chupa zile, na mvua zilizofuata, tuliyanywesha majani yako mpaka kiangazi. Nilikuwa nayachukia, yaya. Nilikuwa nayanywesha na nayachukia.

Mado alikuwa chumba cha nyuma, hakuona. Alipouliza, Mama yetu alimuambia umeenda Kirungu kutafuta mbegu zingine. Sijui neno lile alilitoa wapi. Lilimutoka tu mudomoni, na hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kulirudisha. Tangu hapo kila meli ikilia bandarini, mutoto anavaa viatu.

Kiangazi kikakaza, chupa zikaisha. Nilizunguka kwa majirani, lakini nani anaweka maji ya mvua na ziwa liko pale? Nikachemsha maji ya ziwa, nikawa nakusanya matone ya mvuke chini ya kifuniko cha sufuria, kijiko kwa kijiko, mpaka makala ya kuwashia moto yakatuishia. Umande njo ulikauka kwanza. Nywele zikabaki kavu, vijidudu vikitembea juu yake bila kushikwa. Halafu majani yakawa ya kahawia. Mado aliyagusa kwa kidole, akaniuliza, "Mama mudogo, Mama atatukasirikia?"

Hapo nikashindwa. Nikamuketisha, nikamuambia, "Hatakasirika. Mama yako alikufa. Risasi ilimupata hapa uani, kwenye lupango, siku ya mvua. Tulimuzika."

Hakulia. Akauliza, "Njo kusema hayuko Kirungu?"

Nikasema hayuko. Akakohoa muda murefu, nimemushika mugongo. Halafu akasimama, akaenda jikoni kwa Mama yetu, nikamusikia anamuambia polepole, kama anamufundisha, "Nkambo, usiseme tena Kirungu. Mama alikufa."

Mama yetu, ambaye hata makaburini hakutoa chozi, aliacha mwiko ndani ya bugali akalia mpaka giza likaingia. Bugali iliungua. Mutoto njo alimubembeleza.

Siwezi kukuahidi majani, yaya. Mbegu zimekwisha, na shangazi hatujui kama yuko hai. Wala siwezi kukuahidi kifua cha Mado. Naisikiliza pumzi yake na naogopa, na sijui nimupe nini. Mvua ikianza tena sijui nitaisikiaje. Watu wananiambia nizoee. Sizoei.

Ahadi yangu ni moja tu. Kila atakachouliza juu yako nitamujibu kweli, hata kikinivunja. Leo asubuhi ameuliza kama uliumia. Nimemuambia sijui, na kweli sijui. Akasema basi ataniuliza tena akiwa mukubwa.

Pumzika, yaya wangu. Tutakuwa tunakuja kaburini kwako sisi watatu, bila kumuficha mutoto.

Mudogo wako,
Georgeta