Kaka, Mkono Haukuchorwa Makusudi

Kaka yangu Masanja,

Umenichosha. Umezikwa juzi juzi tu, na tayari napigiwa simu kuulizwa habari za katuni zako, mimi ambaye hata kuku siwezi kumchora.

Mhariri anataka kuchapa kitabu cha ile hadithi yako ya michoro ya wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa. Amekwama kwenye ukurasa wa kijana aliyeinama na kiroba cha mawe, mwenzake akimsaidia kwa nyuma. Mwenzake huyo hana kiganja.

"Dada, marehemu alisahau. Mchoraji wetu ataweka mkono, dakika mbili tu."

Baba Doto, uliyechimba naye, alipouona ukurasa huo alicheka hadi akakohoa. "Masanja mvivu wa vidole! Si angemvalisha hata glavu?"

Mimi sikucheka. Nilimjua yule mtu. Ni Simoni wa Kirene, anayemsaidia Yesu kubeba msalaba kwenye picha ya kituo cha tano cha Njia ya Msalaba, kanisani kwetu Ushirombo. Ijumaa za Kwaresima wengine walizunguka vituo vyote, lakini Mama, kwa mguu wake mbovu, alikaa nasi chini ya kile kimoja. Bati lilivuja pale, rangi ikabanduka, kiganja cha Simoni kikaenda nayo. Ukaninong'oneza, "Sasa anabebaje?" Nikacheka, Mama akatufinya wote wawili. "Ng'wanawane, mwanangu, sali!"

Picha ile ilishapakwa upya, kaka. Siku hizi Simoni ana vidole vinene kama ndizi. Ile ya kwetu imebaki kwenye ukurasa wako tu, nawe hukumwambia mtu. Ungepungukiwa nini kuniambia?

Nikamwambia mhariri mkono usiguswe. Akashukuru, kisha akanitumia makosa mengine anayotaka kusahihisha: mbwa mwenye kivuli cha mbuzi, mama lishe aliyevaa kandambili za rangi mbili, mlango usio na kitasa. Nimeyatazama mpaka macho yakauma. Kandambili nadhani ni za shangazi. Mbwa simjui. Mlango siujui. Nani wa kumuuliza sasa? Na akifuta kitu chako, hakirudi tena.

Nimemjibu aache vyote, asiguse hata nukta. Akasema, "Wasomaji watakucheka, dada." Wacheke. Na kama yule mbwa ulimkosea kweli, kaka, atachapwa na kivuli chake hicho hicho. Shauri yako.

Pumzika, mimi bado nina simu za kupokea.

Mdogo wako, uliyemwachia mafumbo bila majibu.