Muhuri Juu ya Barua Zako za Braye

Zuhura mwanangu,

Nimemulipiza kisasi. Nakuambia hiyo kwanza, salamu zitafuata.

Siku ya arobaini yako, yule sekretere wa chuo alikuja hapa Buyenzi, akala pilau yangu, akasimama mbele ya mashehe na majirani: «Masikini, hakuomba kitu hata siku moja. Angeomba silabusi za vipofu, tungemutengenezea.» Mi nilikuwa na sahani mukononi. Nilimuomba Mungu anishike mukono, akaushika.

Angeomba! Na mimi niliyekuwa nakusomea hizo silabusi, makaratasi yote ya kozi, kila siku, kwa Kifaransa nisichokielewa? Nasoma mpaka namba ya ukurasa, we unacheka: «Mama, hiyo siyo kozi!» Mutihani unafika, nusu hatujamaliza.

Nikafungua sanduku lako. Barua za braye, yale maandishi yenu ya vitundu, zote zimo, zile ulikuwa unatoboa mbili mbili, moja ya sekretere, moja yako ya kuweka. Unakumbuka alivyokuwa anakuambia? «Mi sisomi vitundu, binti. Tafuta mutu akusomee.» Lakini muhuri wa kupokea alikuwa anagonga juu ya ile yako, huku anacheka, ili utoke haraka. Barua kumi na moja. Zote zina muhuri.

Jumatatu nikaenda kwa mukubwa wa chuo pamoja na Claudine wa Kanyosha, kipofu kama wewe, ameanza chuo mwaka huu. Sekretere akaitwa. Nikamupa barua moja, nikamuuliza:

«Muhuri ni wako?»

«Ndiyo, mama.»

«Basi soma.»

Akageuza karatasi juu chini. Nikamwambia: «Tafuta mutu akusomee.»

Claudine akaweka vidole. Akasoma pole pole: «Naomba tena silabusi kwa braye mbele ya mutihani. Hii ni mara ya nane. Zuhura.» Jina lako, mwanangu, mu ofisi ile... Nililia, lakini macho sikuyatoa kwa sekretere.

Mukubwa ameamuru: silabusi za Claudine zitoke kwa braye mbele ya mwezi kuisha, na sekretere mwenyewe ndiye atazibeba mpaka mukononi mwa binti.

Shehe ananiambia nimusamehe yule sekretere. Apana, bado. Nasali swala zote tano, na nikiwa kwenye sijida namutaja kwa jina. Mungu anajua ninachoomba.

Pumzika, Zuhura. Kila mwaka chuo kikifungua, nitakuwa mulangoni kwake na barua yako moja. Nitamusimamia hapo mpaka siku ataisoma mwenyewe, kwa vidole vyake.

Mama yako,
Mwajuma